Mirija Iliyong'aa Kupita Kiasi

Siku ya kwanza nilipoona kipande cha pafu la mtu aliye hai, kilikuwa ndani ya kopo la plastiki lililozungukwa na barafu, na mwenyewe alikuwa ghorofa ya tatu akiamka taratibu kutoka kwenye usingizi wa dawa. Yaani mtu yuko juu, pafu lake liko chini! Nilishika ukingo wa meza. Mama mdogo akaniangalia juu ya miwani yake.

"Ukitaka kuanguka, angukia huku," akasema. "Huko kuna vioo."

Hivyo ndivyo nilivyoijua kazi yake, baada ya kuishi naye nyumba moja miaka kumi na tano bila kuijua. Nyumbani tulikuwa tunasema tu "yuko hospitali," na mimi, aibu naisema mwenyewe, nilidhani anafagia. Niliingia huko maabara kwa sababu shule ilitupa mradi wa sayansi wa likizo, na kila mwanafunzi alitakiwa amfuate mtu mmoja kazini kwake. Wenzangu walikimbilia kwa marubani na wahandisi. Mimi nilikosa wa kumkimbilia, ndipo mama akasema, "Si umfuate mdogo wangu?" Nikanuna siku mbili nzima. Laiti ningejua.

Nilipewa koti jeupe lililonifika magotini, na sharti moja: nisimame nyuma ya mstari wa njano uliochorwa sakafuni, mikono mfukoni, nisiguse hata kitasa.

Pale kazini hawamwiti kwa jina lake. Wanamwita Mama Pete. Hana mtoto wala havai pete yoyote. Anazikata. Kipande cha pafu kinapofika anakilaza kwenye sahani ya maji baridi ya chumvi, anainama juu ya hadubini, na kwa mkasi mdogo kama mdomo wa chiriku anaanza kufukuafukua mpaka aupate anaoutafuta: mshipa wa damu wenye unene wa risasi ya penseli. Anausafisha, anaukata vipande vifupi vya milimita mbili mbili, na kila kipande kinakuwa pete. Kisha ndiyo kazi yenyewe. Anapitisha nyaya mbili nyembamba kuliko unywele katikati ya pete ile, bila kugusa ukuta wa ndani.

"Ukigusa je?" nikauliza.

"Ukigusa umeukata ulimi."

Ndani ya mshipa, alinieleza, kuna ngozi ya seli, safu moja tu, nyembamba kuliko ule utando wa kitunguu. Ngozi hiyo ndiyo inayoongea. Damu ikipita inaisikiliza, kisha inatuma ujumbe kwa misuli iliyouzunguka mshipa: kaza, legeza, kaza kidogo, basi inatosha. Na baadhi ya ujumbe huo ni peptidi. Nilikuwa nimekutana na neno hilo darasani nikalikariri kama kasuku. Kumbe peptidi ni mnyororo mfupi tu wa punje zilezile zinazojenga protini ya nyama na maharage. Unatengenezwa na seli moja, unatupwa kwa seli jirani, nayo inatii.

"Inatii hata ikiwa nje ya mwili?"

"Subiri uone."

Alikuwa amebakiwa na pete moja ya ziada siku hiyo. Aliining'iniza kwenye kikombe kidogo cha maji yenye joto la mwili, mapovu ya hewa yakipanda kando. Vikombe hivyo wanaviita vibafu. Waya mmoja umefungwa chini, wa pili umeunganishwa juu na kifaa kinachopima mvuto, na kwenye skrini unakwenda mstari wa kijani. Pete ikikaza, mstari unapanda. Ikilegea, unashuka. Akachukua kichupa kutoka kwenye sanduku la barafu, dawa iliyokuja imeshachanganywa kiwandani, akadondosha tone moja. Tone moja! Hata chozi la mtoto ni kubwa kuliko lile.

Mstari ukatulia. Ukatulia. Halafu ukaanza kupanda, polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, na haukusimama. Ile pete ya nyama, ya mtu ambaye muda huo pengine alikuwa anaomba maji ghorofa ya tatu, ilikuwa inabana nyaya zile kama ngumi.

Nilivuka mstari wa njano bila kujijua.

"Rudi nyuma, we mtoto!"

"Mamdogo, inashika! Inashika yenyewe!"

"Sasa ulitaka ishikwe na nani? Hiyo inaitwa endothelini. Punje ishirini na moja tu. Unayo wewe, ninayo mimi. Ikizidi kwenye mapafu, mishipa inabana, na ule upande wa kulia wa moyo unasukuma damu kwenye mlango uliofungwa. Unasukuma, unasukuma, mpaka unachoka. Mtu anapanda ngazi nne anahema kama kakimbizwa. Anaambiwa mvivu." Akafuta miwani yake kwa ncha ya koti. "Na kuna nyoka mmoja wa kuchimba ardhini, sumu yake ina kitu karibu sawasawa na hiki."

"Nyoka?"

"Nyoka."

"Kwa hiyo mimi nina sumu ya nyoka mwilini?"

"Wengine hata haishangazi, ukiwasikia wanavyoongea."

Akamwaga maji ya kibafu, akaweka mapya, mara tatu. Mstari haukushuka. Dawa ilikuwa imeshaondolewa lakini pete iliendelea kubana. Nilisimama nikiitazama dakika arobaini, na ilikuwa bado imekunja ngumi. Usiku ule niliweka mkono kifuani nikajaribu kuisikia yangu.

Lakini si hayo niliyotaka kuandika. Hayo ni ya mradi wa shule. Ninachoandika hapa ni habari ya Mama Pete mwenyewe, na wiki ambayo nusura ang'olewe kwenye kiti chake.

Alisoma madarasa saba tu. Bibi aliugua, dada yake, ambaye ni mama yangu, akaolewa, na yeye akapelekwa kwenye duka la ushonaji la mjomba wao kushona vifungo na kutarizi shingo za nguo. Akakaa huko miaka minane. Mjomba alipofunga duka akapata kazi ya kuosha vyombo pale maabara. Vyombo kwa maana ya chupa, mirija ya kioo, vikombe vya kupimia. Bosi wa zamani alikuwa mzee mkali ambaye aliukagua kila mrija kwa kuuinua dirishani. Alimfundisha kuloweka kwenye asidi, kusuuza mara saba, kisha kutazama maji yanavyotiririka. Yakishuka kama pazia bila kuacha hata tone, mrija ni safi. Yakiacha matone, rudia. Mama mdogo alirudia kwa miaka sita.

Siku moja aliyekuwa akitundika pete aliugua mafua. Pafu limeshafika, muda unakwenda, na yule mzee mwenyewe amekaa kwenye hadubini akitukana waya. Mama mdogo alikuwa anapita na beseni.

"Mzee, lete nishike mimi."

"Wewe?"

"Mimi nimepitisha uzi kwenye shanga ndogo kuliko hiyo, na bibi harusi yuko mlangoni analia."

Akapitisha mara moja. Hakurudi kwenye beseni tena. Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita.

Sasa yule mzee alistaafu, na Bosi wa leo ni mdogo kuliko Mama Pete, mtu mpole anayetembea haraka na kuongea taratibu. Chini yake kuna mtafiti kijana ambaye wote wanamwita Msomi, kwa utani, kwa sababu huwezi kumuuliza saa ngapi bila kupewa utangulizi. Msomi alikuwa anachunguza peptidi mpya, kinyume cha endothelini: hii ilitakiwa ilegeze. Kazi ilikuwa inaenda vizuri miezi mitano. Kisha, wiki tatu kabla mimi sijaingia, ikagoma. Pete zinakazwa kwa dawa ya kawaida, mstari unapanda. Inadondoshwa peptidi ya Msomi, mstari unabaki kule kule juu. Pafu la kwanza hivyo. La pili hivyo. La kumi hivyo.

Na kila pafu ni mtu. Hilo ndilo lililonishtua kuliko nyoka. Watu hawa wamekatwa sehemu ya pafu kwa sababu ya uvimbe, na kabla ya kuingia chumba cha upasuaji wamesaini kwamba ile nyama nzima ya pembeni, ambayo ingechomwa moto tu, itumike kutafuta dawa kwa ajili ya wengine. Kipande kinashuka na namba, hakina jina. Kinaishi saa chache. Ukikiharibu, hakuna pa kwenda kuomba kingine.

"Mama Pete, samahani," Msomi alimwambia siku yangu ya tatu, "lakini nadhani tunaikwangua ngozi ya ndani. Kwa maana ya kwamba, peptidi hii inahitaji ile ngozi ili ifanye kazi. Ngozi ikiondoka..."

"Tunaikwangua mimi na nani?"

"Sijasema wewe."

"Wewe hushiki waya, Bosi hashiki waya, huyu mtoto mikono iko mfukoni. Nani kabaki?"

Msomi akakuna shingo. "Macho, Mama. Miaka inakwenda. Si kosa la mtu."

"Asubuhi nimeipima ngozi kwa dawa yake ya kupimia. Imejibu."

"Asubuhi, ndiyo. Lakini nyaya zinasuguana nayo mchana kutwa. Huenda mpaka saa nane imeshakwisha."

Mama mdogo akazivua glovu kidole kimoja kimoja, taratibu mno.

Jumatano Bosi alimwita. Alitoka na sura kama ukuta. Barua ilikuwa imeandaliwa, Bosi ataisaini Ijumaa baada ya pafu la mwisho la mradi: Mama Pete ahamishiwe stoo ya vifaa, chini, karibu na jenereta. Mtu mwingine mwenye macho mapya atafundishwa kutundika pete. Bosi aliongea kwa heshima zote, alisema mama mdogo, hata kiti alimvutia. "Ningependa anitukane," akasema. "Heshima ile ilikuwa kama ya msibani."

Jioni hiyo mezani alichukua sindano nyembamba kuliko zote kwenye kopo la mama.

"Dada, nishikie uzi."

Akaupitisha. Akautoa. Akaupitisha. Mara kumi, mara kumi zote kwa mkupuo mmoja, na baba akiwa ameacha kutafuna.

"Mikono yako mizima, mwanamke," mama akasema. "Wana lao hao."

"Kama mikono ni mizima, dada, basi ni nini?"

Aliichomeka sindano kwenye kitambaa cha meza akaenda kulala bila kumaliza chakula. Mimi nikabaki nikiwaza: huyu mtu bila zile pete ni nani? Hana cheti ukutani. Hana herufi za mbele ya jina wala za nyuma yake. Alichonacho ni kwamba mkono wake hautetemeki, na sasa wanamwambia unatetemeka.

Ijumaa kipande kilifika saa tano. Namba kumi na moja tangu mambo yaharibike. Mama Pete alikata pete nne. Niliapa nisiseme neno, na nikaweza, jambo ambalo mwalimu wangu wa darasa hatalisadiki. Alipima ngozi ya ndani: akakaza pete kwa dawa ya kawaida, akadondosha ile ya kupimia, mistari yote minne ikashuka. Hai. Akasuuza. Akakaza tena. Kisha peptidi ya Msomi, ambayo Mama Pete alikuwa ameshaipunguza makali asubuhi na kuipanga kwenye mirija yake, kutoka hafifu hadi kali.

Tone la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tano, mistari minne imesimama juu kama askari kwenye gwaride.

Msomi aliweka mikono yote miwili kichwani. "Basi. Basi, inatosha. Naenda kumwambia."

Mlango ukajifunga nyuma yake. Mama Pete hakuinuka. Alikuwa anazitazama pete zake jinsi mtu anavyomtazama mtoto anayemjua kuwa kasema uongo.

"Mpaka saa nane imeshakwisha, eh?" akasema peke yake. "Haya. Saa nane hii hapa."

Akasuuza vibafu vyote. Akakaza upya. Na badala ya kuzima mashine, akadondosha tena ile dawa ya kupima ngozi. Hakuna aliyewahi kuipima mwisho wa siku. Kila mtu huwa amechoka, anataka kwenda nyumbani.

Mistari ikaanguka. Haikushuka, ilianguka, yote minne, chini kuliko ilivyokuwa asubuhi!

"Mamdogo!" Kiapo changu kikaishia hapo.

"Iko hai," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ngozi nzima. Sikuigusa. Wiki tatu zote hizi, sikuigusa." Akacheka kidogo, mara moja, kama mtu aliyetekenywa kanisani. "Kwa hiyo tatizo haliko kwenye pete. Peptidi haijafika."

"Haijafika wapi? Si umeitia mwenyewe?"

"Ndiyo nataka kujua imepotelea wapi."

Akainua kidole akaanza kuifuata njia hewani. Kutoka kwenye friza: nyuzi joto ni zilezile, kipimajoto hakijacheza. Kwenye kichupa chake: kimefunguliwa leo. Kwenye kinyonyeo cha kupimia: kilikaguliwa mwezi huu. Kwenye mirija...

Kidole kikasimama.

Nilifuata macho yake. Kwenye kishikio kulikuwa na mirija minane ya kioo, misafi, imepangwa kwa mstari, mwanga wa dirishani ukicheza ndani yake. Mizuri kwa kweli. Nikamtazama yeye, nikaogopa, maana damu ilikuwa imemtoka usoni na midomo imekuwa ya kijivu.

"Yesu na Maria," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mirija ya plastiki iliisha. Ile maalumu, ambayo haishiki kitu. Stoo wakasema subiri mwezi. Nikaona kazi isisimame. Nikaenda kwenye kabati la zamani nikatoa hii ya kioo. Nikailoweka kwenye asidi. Nikaisuuza mara saba. Maji yalishuka kama pazia." Alikuwa anaongea na mirija, wala si mimi. "Kioo kikitakata hivyo, kinashika. Peptidi inapenda ukuta. Na hii ya Msomi ni hafifu mno, ni kidogo mno ndani ya maji mengi. Naipanga humu asubuhi, inakaa mpaka mchana. Yote inaganda ukutani. Mimi nachota maji matupu namdondoshea mtu."

"Lakini uliandika kwenye daftari kwamba umebadilisha?"

Akanigeukia. Sitalisahau lile jicho.

"Nani huandika kwamba ameosha vyombo?"

Kisha akaamka ghafla kama aliyechomwa. Akafungua friji, akatoa protini ya damu iliyoyeyushwa, akajaza mirija mipya miwili, akaiacha, akaimwaga. "Ukuta ule ule, lakini sasa umeshiba," akasema. "Hauna nafasi ya kushika kingine." Akaipunguza peptidi upya humo humo, haraka, akakaza pete moja iliyobaki na nguvu, akadondosha.

Tone la kwanza, mstari ukatikisika. La pili, ukashuka robo. La tatu, nusu. La nne ulikuwa umelala chini kabisa, na mimi nilikuwa nimevuka mstari wa njano tena na hakuna aliyenifukuza.

Ilifanya kazi. Wiki zote zile, dawa ilikuwa inafanya kazi.

Nilitaka kurukaruka. Yeye alikaa.

"Kumi na mmoja," akasema. "Watu kumi na mmoja, mwanangu. Wamekatwa, wamesaini, wamenipa. Nimewadondoshea maji."

Sasa hapa nitasema ukweli hata kama unaniaibisha. Nilimnong'oneza, "Mamdogo, si ubadilishe tu mirija kimyakimya? Waambie leo imekubali. Watafurahi, barua itachanwa, na hakuna atakayejua."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Watauliza kwa nini wale kumi na mmoja walikataa. Na mimi nikinyamaza, Msomi atatafuta sababu, maana ndiyo kazi yake. Ataandika kwamba kuna watu mapafu yao hayaisikii dawa hii. Itachapishwa. Daktari mahali fulani atasoma, atamwangalia mgonjwa anahema kitandani, atasema huyu nisimpe, huenda ni wale." Akavua miwani. "Kisa mimi napenda kioo king'ae."

Mlango ukafunguliwa. Bosi mbele, bahasha mkononi, Msomi nyuma yake na uso wa kufiwa. Msomi ndiye aliyeiona skrini kwanza. Alipiga ukelele ambao sikujua msomi anaweza kuutoa.

"Umeshuka! Bosi, tazama, umeshuka! Mama Pete, umefanyaje? Umefanyaje?"

Akamkumbatia. Alimkumbatia mtu aliyesimama kama nguzo. Mama Pete akamwacha amalize, kisha akamtoa mikononi taratibu, akawaambia. Kila kitu: kabati, asidi, mara saba, daftari lisiloandikwa. Hakusema "stoo walinichelewesha." Alisema "nilibadilisha, sikuandika."

Furaha ya Msomi ilikauka mbele ya macho yetu. Alitafuta kiti kwa mkono bila kugeuka, akakikosa, akakaa sakafuni.

"Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu silali. Mkataba wangu unaisha miezi miwili ijayo. Nimekwambia macho, ukaniacha niseme macho..."

"Sikuwa najua, baba."

"Mirija! Mirija ya kuoshwa!"

Lakini aliyenishtua ni Bosi. Hakupaza sauti. Alikuwa ameiweka bahasha mezani, na mkono wake bado uko juu yake.

"Ripoti," akasema. "Ripoti ya matokeo ya awali nimeituma saa nne asubuhi. Sikungoja hili la leo. Nilijua litakuwa kama mengine." "Nimeandika kwamba peptidi hii haina athari ya kutegemewa kwenye mishipa ya pafu la binadamu."

Mimi ndiye mdogo mle ndani, na nilikuwa nadhani watu wazima wenye madigrii hawawezi kuonekana hivyo, kama watoto waliovunja dirisha la jirani.

Alitoa simu akapiga pale pale, mbele yetu, amesimama. "Naiondoa," tulimsikia akisema. "Ndiyo, yote. La, si ya kurekebisha, ya kuondoa. Kosa ni letu." Kimya. "Mirija." Kimya kirefu zaidi. "Ndiyo, umesikia sawa."

Alipokata simu akamtazama Mama Pete. "Barua hii inasema mikono. Mikono yako haina kosa, naona hapo kwenye skrini. Lakini daftari lina kosa, na mimi pia ninalo langu, nilituma kabla ya kungoja. Jumatatu kwenye mkutano wa jengo zima utasimama ueleze. Wewe mwenyewe, si mimi kwa niaba yako. Baada ya hapo nitajua barua hii niifanye nini."

Jumamosi na Jumapili aliandika. Nilijitolea kumsaidia, akanifukuza chumbani. Alikuwa na karatasi moja, mwandiko wake ule wa darasa la saba, mkubwa na uliosimama wima, na alivyofuta na kuandika tena karatasi ikatoboka.

Jumatatu chumba cha mikutano kilijaa. Nilikaa nyuma kabisa kwenye kiti kibovu. Watu arobaini hivi, nusu yao madaktari, na mama mdogo mbele na miwani yake ya kamba, karatasi imeshikwa kwa mikono miwili. Aliisoma bila kupanda wala kushuka. Alitaja namba za vile vipande kumi na moja, kimoja kimoja, na kila kimoja akasema, "Hiki kisihesabiwe, kosa ni langu." Alimaliza akashusha karatasi.

Mtu mmoja katikati akacheka. "Kwa hiyo kosa lenyewe ni usafi?"

Kicheko kikaanza kusambaa, kile cha watu ambao kosa si lao.

"Msicheke," Msomi akasema. Hakuwa amemsalimia Mama Pete tangu Ijumaa, na hata pale hakumtazama. "Msicheke tu."

Kikakatika. Ndipo mwanamke mmoja upande wa dirisha akainua mkono. Ni daktari wa maabara ya chumba cha pili, anayepima kwenye damu ya wagonjwa peptidi za moyo, zile zinazoonyesha kama moyo umechoka. Aliuinua nusu, kama asiyetaka aonekane.

"Mama Pete, hiyo mirija ya kioo. Kabati lile la zamani. Ulichukua yote?"

"Nusu."

"Nusu nyingine..." Akasita. Uso wake ulikuwa unabadilika huku anaongea, ule ule nilioushuhudia Ijumaa. "Nusu nyingine niliichukua mimi. Mwaka jana. Plastiki zilipoisha."

Aliyecheka akainamisha kichwa. Kiti kimoja kililia. Kila mmoja alikuwa anarudi kichwani kwake, nilihisi, kwenye kabati lake, kwenye beseni lake.

Bosi alitoa bahasha kwenye mfuko wa koti, akaikunja mara mbili, akairudisha. "Mama Pete," akasema, "nenda naye ukaangalie. Ukimaliza urudi kwenye meza yako, kuna kipande kinashuka saa sita. Na kuanzia leo, mtu akiosha hata kijiko, aandike."

Niliwafuata hadi chumba cha pili. Yule daktari alifungua kabati. Mirija ilikuwa imepangwa kwa safu, zaidi ya mia, inang'aa kama imetolewa leo kiwandani. Mama mdogo alichukua mmoja, akaupeleka bombani, akaujaza, akaumimina, akauinua dirishani. Maji yakashuka kama pazia. Halikubaki hata tone.

"Nani anaosha hii?"

"Mimi mwenyewe," daktari akasema. "Sikumwamini mtu mwingine."

Mama mdogo aliurudisha mrija mahali pake polepole, akamshika bega.

"Umeosha vizuri, mwanangu," akamwambia. "Pole sana."